Dunia Moja kwa Mchezaji Mmoja na kwa Wengi: Mwongozo kwa Anayetengeneza Gemu

Tarehe 1 Agosti 2012, kampuni ya Mojang ya Sweden ilitoa toleo la 1.3.1 la Minecraft, na kuanzia siku hiyo watu waliozoea kucheza peke yao wakawa wanacheza kwenye seva, wengi wao bila kufahamu. Hawakuunganishwa na intaneti wala hawakufungua akaunti mpya. Kilichobadilika ni kwamba mtu alipobonyeza kitufe cha kuingia katika dunia yake, gemu iliwasha seva ndogo ndani ya kompyuta ileile, kisha programu ya mchezaji ikajiunga na seva hiyo kama ambavyo ingejiunga na seva iliyoko Stockholm au Chicago.

Kabla ya hapo Minecraft ilikuwa gemu mbili zenye jina moja. Upande wa mchezaji mmoja ulijifanyia kila kitu: maji yatiririkie wapi, zombi aelekee wapi, ngano imekua kiasi gani. Upande wa wachezaji wengi ulikuwa na msimbo wake ulioandikwa kando, na kila jambo jipya lilibidi lifanyiwe kazi mara mbili. Uchezaji wa pamoja wa hali ya kuokoka (Survival) ulipoanza mwaka 2010, mambo ya msingi kama afya ya mchezaji na majeraha hayakuwa yakifanya kazi huko, ilhali kwa anayecheza peke yake yalikuwepo zamani. Hitilafu iliyorekebishwa upande mmoja ilibaki hai upande wa pili. Mashabiki waliotengeneza nyongeza zao wenyewe waliteseka vilevile, kwa kuwa nyongeza iliyofanya kazi vizuri kwa mtu mmoja ilibidi iandikwe upya ili ifanye kazi rafiki anapoingia.

Kuunganisha pande hizo kulimaliza shida hiyo, na kukaleta zawadi juu yake: kitufe cha kufungua dunia yako kwa walio kwenye mtandao mmoja wa nyumbani. Aliyejenga ngome yake peke yake kwa miezi aliweza kumkaribisha mdogo wake aliyeketi chumba cha pili, ndani ya dunia ileile, bila kuhamisha faili hata moja. Lakini maumivu nayo yalikuja. Kompyuta dhaifu zilizokuwa zikitosha kubeba gemu moja sasa zilibeba kazi ya seva na kazi ya mchezaji kwa pamoja. Mtu alivunja tofali, likatoweka, kisha likarudi mahali pake kwa sababu seva ya ndani ilikuwa bado haijakubali. Mnyama alitembea kwa kurukaruka. Kukwamakwama kwa mtandao, jambo ambalo mchezaji wa pekee hakuwahi kulijua, kulimfuata hadi chumbani kwake ambako hapakuwa na mtandao wowote.

Mwongozo huu umejengwa juu ya pande hizo mbili za tukio lile. Anayetaka gemu yake ichezwe na mmoja na pia na wengi ana kila sababu ya kujenga dunia moja tu, tangu siku ya kwanza. Ana deni vilevile kwa yule anayecheza peke yake: asimnyang'anye kitu alichokuwa nacho. Kampuni nyingi kubwa zimeipa kazi ya kwanza uzito wote na kulisahau deni la pili, na wachezaji wamezikumbuka kwa hilo.

Swali linalotangulia mengine yote ni hili: mashine ipi ina neno la mwisho? Risasi ikifyatuliwa, nani anaamua kama imempata adui? Doom ya mwaka 1993 ilizipa kompyuta zote haki sawa. Kompyuta hizo, hadi nne, zilitumiana taarifa za vitufe vilivyobonyezwa mara 35 kwa sekunde, na kila moja ikahesabu dunia nzima kivyake. Moja ikichelewa, zote zilisubiri. Mwaka 1996 kampuni hiyohiyo, id Software, ilitoa Quake kwa mpango mwingine kabisa. Humo seva moja ndiyo inayojua ukweli wa dunia, na programu za wachezaji kazi yao ni kuonesha picha na kupeleka maombi. Quake haikuwa na njia ya mkato kwa mchezaji wa pekee. Hata alipocheza peke yake, seva ilikuwa ikiendeshwa ndani ya kompyuta yake, na ujumbe ulipita kati ya pande mbili za programu moja. Minecraft ilifika mahali hapo miaka 16 baadaye, tena kwa gharama ya kubomoa na kujenga upya.

Mpango wa Quake unazifaa gemu nyingi, ila una bei yake. Gemu ilipotoka, waliocheza kupitia modemu za simu waliona mhusika wao akichelewa kuitika, maana kila hatua ilisubiri jibu la seva. Mwishoni mwa mwaka huohuo John Carmack wa id Software na wenzake wakatoa QuakeWorld, ambamo programu ya mchezaji humsogeza mhusika papo hapo kwa kukisia seva itajibu nini, kisha hujisahihisha jibu linapofika. Karibu kila gemu ya kupigana risasi mtandaoni leo inafanya hivyo. Ukijenga dunia moja, kukisia huko kuandikwe mapema, kwa sababu kukikosekana, kila silaha na kila ngazi utakayobuni itaonekana sawa kwenye kompyuta yako na kuharibika kwa wateja.

Gemu za vita vya majeshi makubwa zina njia yao. Age of Empires ya mwaka 1997 iliruhusu wachezaji 8, kila mmoja na kikosi chake, kupitia modemu ambazo zisingeweza hata kidogo kutuma mahali alipo kila askari. Watengenezaji wakaamua kutuma amri tu: kundi hili liende pale, nyumba ijengwe hapa. Kila kompyuta ilihesabu matokeo yenyewe, ikitegemea kwamba hesabu ileile itatoa jibu lilelile kila mahali. Mark Terrano na Paul Bettner, walioshiriki kuiandika, walieleza mwaka 2001 jinsi njia hiyo inavyoweza kumsumbua mtengenezaji. Swala mmoja akiwekwa mahali tofauti kidogo sana ramani inapotengenezwa, atakula majani kwa mwendo tofauti kidogo. Dakika kadhaa baadaye mwanakijiji atapita njia iliyopinda kidogo, mkuki wake utamkosa mnyama, atarudi bila nyama, na kompyuta mbili hazitakubaliana tena juu ya hali ya dunia. Kumtafuta swala yule ndani ya kumbukumbu za gemu nzima kunaweza kula wiki. Anayechagua njia hii aanze na namba za kubahatisha zinazotoka chanzo kimoja kwa mashine zote, na aandike kipimo kinacholinganisha hali ya dunia kila baada ya sekunde chache, ili tofauti ijulikane inapozaliwa.

Anayeanza leo hahitaji kuandika haya yote kutoka sifuri. Injini ya Godot, ambayo ni ya bure, tangu toleo la 4 inakuja na mpangilio unaomfanya mchezaji wa pekee ahesabiwe kuwa seva, mwenye namba ya utambulisho 1, hata kama hakuna mtandao. Maana yake ni kwamba mstari wa msimbo unaouliza "je, mimi ni seva?" hupata jibu la ndiyo kwa anayecheza peke yake, na kanuni zilezile za kumpunguzia adui afya au kufungua mlango hufanya kazi bila kuandikwa upya. Injini ya Unreal nayo ina mgawanyo wa namna hiyo, kati ya mwenye mamlaka na anayeonesha picha. Kwa hiyo kanuni ya kazi ni rahisi kuitaja, ngumu kuishika: usiandike popote kipande cha msimbo kinachouliza kama gemu ni ya mtu mmoja au ya watu wengi. Kiulize tu nani ana mamlaka. Siku utakapoona umeweka swali la kwanza mahali hamsini, ujue umeshajenga gemu mbili.

Majaribio yafuate mkondo huohuo. Kwenye Windows kuna programu ndogo ya bure iitwayo Clumsy inayochelewesha na kupoteza ujumbe wa mtandao kwa makusudi. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na netem. Iwashwe kila siku ya kazi, hata timu inapojaribu rangi za nyasi. Na seva ya ndani ipimwe kwenye simu au kompyuta dhaifu kuliko zote unazolenga. Minecraft hupiga mapigo 20 kwa sekunde, maana yake kila pigo lina milisekunde 50 za kumaliza kazi yote ya dunia. Pigo likizidi muda huo, mchezaji wa pekee atapata ucheleweshaji ambao hakuna mtandao wa kuulaumu.

Kwa anayelenga wachezaji wa Afrika Mashariki, umbali nao ni sehemu ya hesabu. Mwanga ndani ya nyaya za faiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam hadi Frankfurt kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 7,000. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kama nyaya zingepita njia fupi kuliko zote, na hazipiti. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ilidhoofika Tanzania, Kenya na nchi jirani kwa siku kadhaa. Gemu iliyojengwa juu ya seva inayoweza kuwaka ndani ya simu, na ikafungua mlango kwa simu nyingine zilizo kwenye Wi-Fi moja, iliweza kuendelea kuchezwa siku hizo, tena bila kula bando la mtu. Hiyo ni faida ya kibiashara iliyo wazi kabisa, na inashangaza kwamba wengi wanaitupa.

Msimbo ukishakuwa mmoja, kazi iliyo ngumu zaidi inaanza, nayo ni ya kuamua nini kibadilike watu wanapoongezeka. Saa ndiyo ya kwanza kuleta ugomvi.

Katika Stardew Valley, gemu ya ukulima ambayo Eric Barone aliitengeneza peke yake na kuitoa Februari 2016, siku huanza saa 12 asubuhi na kuishia saa 8 usiku, na yote hayo hupita kwa takriban dakika 14 za saa ya ukutani. Mchezaji wa pekee akifungua sanduku kutafuta mbegu, muda husimama. Mwaka 2018 gemu ilipoongezewa uchezaji wa pamoja, kusimamisha muda kwa ajili ya sanduku la mtu mmoja kungewagandisha wenzake watatu mashambani. Ikaamuliwa kwamba katika shamba la pamoja saa haisimami kwa ajili ya sanduku la mmoja, na siku haiishi kabla ya saa 8 usiku hadi kila mmoja awe kitandani. Mambo mawili yametokea hapo. Wachezaji wa pamoja wamepata desturi mpya, ya kuitana usiku unapoingia na kumsubiri aliyechelewa mgodini. Na mchezaji wa pekee hakupoteza sekunde yake hata moja, maana kwake saa bado husimama. Minecraft hufuata mkondo huohuo: menyu husimamisha dunia ya mtu mmoja, ila akishaifungua kwa wenzake haisimami tena. Kitanda nacho kilileta kero yake huko, kwani kwenye seva yenye watu wengi mmoja tu aliyekataa kulala aliwazuia wote kuruka usiku, mpaka toleo la 1.17 la mwaka 2021 likaruhusu mwenye dunia kuamua asilimia ngapi ya wachezaji watosha.

Linganisha na Dark Souls ya mwaka 2011, kazi ya FromSoftware. Humo hakuna kusimamisha gemu hata kidogo, hata kwa asiye na intaneti. Wapo wanaosema hiyo ni sehemu ya ladha yake, na kuna ukweli ndani yake, kwa kuwa hofu ya kuvamiwa wakati wowote ni kiungo muhimu. Hata hivyo mwaka 2019 FromSoftware hiyohiyo ilitoa Sekiro, gemu ngumu vilevile isiyo na uchezaji wa pamoja, na humo kitufe cha kusimamisha kipo. Hofu haikutoweka kwa sababu yake. Mzazi ambaye mtoto amelia, au mfanyakazi ambaye simu ya kazini imeita, anastahili kitufe hicho kila anapokuwa peke yake katika dunia yake. Kukiondoa kwa sababu tu ni rahisi zaidi kuandika msimbo ni uzembe.

Baada ya saa huja mali. Dunia inahifadhiwa kwa nani, na mchezaji anaondoka na nini? Zipo njia tatu zilizojaribiwa vya kutosha. Katika Minecraft vitu vyako hubaki katika dunia ulimovipata; ukienda kwa rafiki unaanza mikono mitupu. Katika Terraria ya mwaka 2011 mhusika ni faili yake mwenyewe, anasafiri na mizigo yake kutoka dunia moja hadi nyingine, kwa hiyo uliyopata ukiwa peke yako yanakusaidia ukiwa na wenzako. Katika Stardew Valley shamba zima, pamoja na wakulima wageni, limo katika faili ya mwenyeji, na mwenyeji asipokuwepo wageni hawana pa kumtumia mkulima wao.

Njia ya Terraria ndiyo inayounganisha maisha mawili ya mchezaji kwa ukamilifu, na kwa gemu ya marafiki ndiyo ya kupendelewa. Tatizo lake ni uchakachuaji. Faili iliyo kwenye kompyuta ya mtu inaweza kubadilishwa na mtu huyo, akaingia kwa wenzake na upanga ambao hakuupigania. Marafiki watasuluhishana wenyewe. Gemu yenye mashindano au soko la vitu haiwezi kuvumilia hilo, na Blizzard ilijua hivyo tangu Diablo II ya mwaka 2000: wahusika wa nje ya mtandao na wahusika waliohifadhiwa kwenye seva za kampuni hawakuchanganyika. Toleo lake jipya la mwaka 2021 lilibakiza utengano huohuo. Huo ni mpaka wa haki, mradi mchezaji aambiwe kabla hajatumia saa mia moja kumkuza mhusika upande usio sahihi. Aambiwe kwenye skrini ya kumtengeneza mhusika, kwa sentensi fupi, kwa herufi kubwa za kutosha.

Ugumu wa gemu ni suala jepesi kidogo kwa sababu masuluhisho yake yanajulikana. Stardew Valley humruhusu mwenyeji kupunguza faida ya mazao hadi robo ya bei, kwa kuwa mikono minne huvuna haraka kuliko miwili. Diablo II huongeza uhai wa maadui kadiri watu wanavyoingia, na kwa hisani inayostahili kuigwa, humpa mchezaji wa pekee amri ya kuongeza ugumu kana kwamba wapo wanane. Left 4 Dead ya mwaka 2008 ilikuja na jibu zuri kuliko yote: manusura ni wanne daima. Kiti kisicho na mtu hukaliwa na kompyuta, mtu akiingia anakichukua, akiondoka anakirudisha. Ramani, risasi na idadi ya mazombi vinapangwa kwa watu wanne, basi, na timu haikulazimika kusawazisha gemu nne tofauti. Ukiweza kuipanga gemu yako kwa viti badala ya vichwa, utajiokolea kazi nyingi. Ila kompyuta inayokalia kiti lazima iwe na akili ya kutosha, la sivyo mchezaji wa pekee atakuwa amepewa mizigo mitatu ya kuburuta.

Hadithi ndiyo inayogoma. Masimulizi mengi humwambia mchezaji kwamba yeye ndiye shujaa, na ni vigumu kuwaambia hivyo watu wanne kwa wakati mmoja. Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, kazi ya Larian ya Ubelgiji, imelikabili jambo hili kwa ujasiri. Wachezaji hadi wanne wanaingia katika kampeni ileile ya mtu mmoja. Mmoja akizungumza na mhusika, wengine wanaweza kusikiliza na kuonesha jibu wanalolitaka, lakini uamuzi ni wa aliyeanza mazungumzo. Wasiotaka kusikiliza wanaweza kuwa wanaiba vitu chumba cha pili. Matokeo yake ni vurugu tamu, na pia ni miaka ya kazi kwa kampuni kubwa. Timu ya watu watatu isijidanganye kwamba itaimudu kazi hiyo pembeni ya mambo mengine.

Wakati mwingine jibu sahihi ni kutounganisha. Klei ya Canada ilipotaka kuileta Don't Starve ya mwaka 2013 kwa wachezaji wengi, iliishia kutengeneza gemu inayosimama peke yake, Don't Starve Together, iliyokamilika mwaka 2016. Rockstar iliitenga GTA Online na hadithi ya GTA V, na mwenye hamu ya hadithi tu hakuhitaji kukutana na mgeni hata mmoja. Gemu ambayo utamu wake wote ni ukimya na upweke, au ambayo mafumbo yake yana jibu moja tu, haina cha kupata kwa kufunguliwa milango.

Katikati ya kuunganisha na kutenga ipo njia ya tatu, na hiyo ndiyo timu ndogo zingepaswa kuitazama kwanza: kuwaunganisha wachezaji kwa alama wanazoachiana. Demon's Souls ya mwaka 2009, iliyoongozwa na Hidetaka Miyazaki, ilimwacha kila mchezaji katika dunia yake muda mwingi, lakini sakafuni palikuwa na maandishi ya wengine waliotangulia na madoa ya damu yaliyoonesha namna walivyokufa. Ukigusa doa, kivuli chekundu kinainuka, kinapiga hatua kadhaa, kinarusha upanga hewani dhidi ya adui usiyemwona, kisha kinaanguka. Umejua kwamba kona ile ina kitu. Miyazaki ameeleza kwamba wazo lilimjia aliposhuhudia magari yakikwama kwenye mlima wenye theluji, na madereva wasiojuana wakisukumana kwenda juu, kisha kila mmoja akashika njia yake.

Kiufundi hayo ni rahisi kuliko yote yaliyotajwa hapa. Hakuna haja ya kukisia, hakuna kusubiri, hakuna swala wa Age of Empires. Ujumbe mfupi unapelekwa kwenye seva unapoandikwa, mwingine unapakuliwa mchezaji anapoingia eneo jipya, na mtandao ukikatika katikati hakuna kinachoganda. Death Stranding ya mwaka 2019 ilikwenda mbali zaidi: daraja au ngazi uliyojenga wewe inaweza kutokea katika dunia ya mtu usiyemjua, naye akakushukuru kwa kubonyeza kitufe. Asiye na intaneti anaicheza yote, akikosa tu madaraja ya wenzake.

Journey ya mwaka 2012 inaonesha jinsi ya kumwingiza mtu mwenyewe katika safari ya mwingine bila kuiharibu. Watu wawili hukutana jangwani. Hawana majina, hawawezi kuandika wala kusema, wana sauti moja tu ya kuitana, na majina huonekana mwishoni kabisa. Jenova Chen, aliyeiongoza, amesimulia kwamba katika majaribio ya awali wahusika waliweza kusukumana, na wachezaji wakawa wanasukumana mashimoni. Timu haikuweka onyo wala adhabu. Iliondoa uwezo wa kusukumana, ikafanya kwamba wakigusana kila mmoja anapata nguvu za kuruka. Watu walewale wakaanza kukaa karibu. Anayebuni mahali pa wageni kukutana ajiulize, kwa kila kitendo, kinampa nini mwenye nia mbaya, na akiondoe kitendo hicho kabla ya kufikiria kumfungia mtu akaunti.

Kwa gemu zinazoruhusu uvamizi, kama Watch Dogs ya mwaka 2014 ambamo mtu mwingine hupenya katika mji wako akiwa na sura ya mpita njia wa kawaida, kitufe cha kukataa ni cha lazima, na kiwe kwenye menyu ya kwanza. Watch Dogs inacho. Kasoro yake ni kwamba ukikitumia, maendeleo yako ya mtandaoni yanafutwa. Mtu anayetaka amani kwa jioni moja asitozwe.

Deni kwa mchezaji wa pekee hupimwa siku seva za kampuni zinapozimwa au kuzidiwa. SimCity ilipotoka Machi 2013, mtu aliyetaka kujenga mji wake peke yake alihitaji seva za EA, na seva hizo zilizidiwa siku za kwanza. Walionunua kihalali hawakuweza kuingia. Njia ya kucheza bila mtandao ilikuja mwaka mmoja baadaye, Machi 2014, wakati wengi walikuwa wameshaondoka. Diablo III ilipitia fedheha ya namna hiyo Mei 2012 kwenye kompyuta, ilhali toleo lake la PlayStation na Xbox, lililofuata mwaka 2013, liliruhusu kuchezwa bila intaneti. Iliwezekana, basi.

The Crew ya Ubisoft, gemu ya magari ya mwaka 2014, ilikuwa na hadithi ambayo mtu aliweza kuimaliza peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Seva zilipozimwa tarehe 31 Machi 2024, hadithi hiyo nayo ikafa, hata kwa mwenye diski mkononi. Hapo ndipo lilipoanza vuguvugu la Stop Killing Games, ambalo ombi lake kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni moja Julai 2025. Demon's Souls ilipoteza seva zake tarehe 28 Februari 2018. Maandishi ya sakafuni yalitoweka na vivuli vyekundu vikakoma, lakini mwenye PlayStation 3 anaweza kuiweka leo na kuimaliza.

Kwa hiyo, kabla ya kuuza nakala ya kwanza, zima seva zako zote, chomoa intaneti, na ufungue gemu kwenye mashine ambayo haijawahi kuiona. Anza safari mpya, hifadhi, zima, rudi, uendelee. Ikikubali, andika hivyo kwenye ukurasa wa mauzo, kwa sababu wapo wanunuzi wanaolitafuta neno hilo. Ikikataa, mweleze mnunuzi kabla hajatoa pesa yake, na utenge sasa hivi, wakati timu bado ipo na bajeti bado ipo, muda wa kuandika toleo la mwisho litakaloweka seva mikononi mwa wachezaji.